Msaidizi Asiguse Hatamu

Nyáras, 4 Novemba 1998

Dada Emőke,

Pokea salamu za nyumbani, za mama kwanza, maana amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeanza nazo. Magoti yanamsumbua tangu mvua zianze, lakini Jumapili, Siku ya Watakatifu, alitembea mwenyewe mpaka makaburini. Alimfutia baba msalaba kwa kitambaa, akamwambia, "Pumzika, Ambrus. Huko huna wa kumpiga." Kaka Zsigmond aliposikia hivyo alipanda gari akatuacha, tukarudi kwa miguu na matope.

Bata bukini wamenona. Mzee Barnabás na Rozália wake wanakusalimu. Rozália anauliza kama Waholanzi wamejua kupika mchuzi wa samaki. Nimemwambia wanakula viazi na huzuni.

Usinicheke mwandiko, naandika kwa kushoto. Niliteleza kwenye ngazi ya dari la nyasi kavu, mkono wa kulia ukavunjika. Ningepiga simu, lakini simu iko jikoni na jikoni yuko Zsigmond.

Sasa shida yenyewe. Kitabu cha kanuni za mashindano ya magari ya farasi ya ndani ya ukumbi kimekuja kwa Kijerumani, na kaka yetu anakisoma kwa kutazama picha. Ya nje anayajua: mashamba, mto, vilima. Ndani ni kitu kingine. Farasi wanne na gari, mchanga kidogo, ukuta huku na ukuta huku, watu elfu tano wamekukalia kichwani wanapiga makofi, na unatakiwa ukate kona mahali ambapo mimi ningeshuka baiskeli nikaisukuma. Mwezi uliopita tuliondolewa. Pale lango C, Sármány, yule wa mbele kushoto, alistushwa na taa akasimama kwa miguu miwili. Hatamu moja ikamponyoka Zsigmond. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na Mzee Barnabás kama kawaida. Nikanyoosha mkono, nikaidaka kabla haijaingia kwenye gurudumu. Kengele ikalia. Basi, nje.

Zsigmond anasema waamuzi hawatupendi Wahungari. Tafadhali tutafsirie, hasa kinachomhusu msaidizi.

Mdogo wako,
Vendel


Apeldoorn, 21 Novemba 1998

Mdogo wangu Vendel,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Sisi wazima. Wouter wangu ana mafua na analalamika kama mtu anayezaa. Binti yetu Liesbeth amepoteza jino la mbele. Ukungu umetukalia wiki nzima hata sioni zizi la jirani. Mwambie Rozália mchuzi wa samaki naupika mwenyewe, na Wouter hulia machozi kwa pilipili lakini hula.

Kanuni nimezitafsiri zote, zimo kwenye bahasha. Kwa kifupi ni hivi. Huanzi mpaka kengele ilie. Malango unapita kwa herufi zake na koni kwa namba zake. Ukiruka moja, umeondoka. Mpira uliowekwa juu ya koni ukidondoka, unaongezewa sekunde. Ukibomoa lango, kengele inalia, unasimama mpaka lijengwe upya. Wasaidizi wawili wako nyuma na wanavuka mstari wa mwisho wakiwa juu ya gari. Kazi yao ni kuegemea huku na huku ili gari lisipinduke, na kupiga kelele wakitaka. Lakini wakati magurudumu yanazunguka, msaidizi hagusi hatamu, hagusi mjeledi, hagusi breki. Akigusa, wote wanaondolewa. Kwa hiyo waamuzi hawakuwaonea. Baada ya kila mzunguko mkaguzi anapitisha kitambaa cheupe mdomoni na ubavuni mwa kila farasi. Damu ikionekana, mmeondoka, na farasi huyo haingii tena uwanjani mpaka daktari wa chama aandike amepona.

Januari tutaonana. Nimeteuliwa kuwa mkaguzi katika ukumbi wa mkoa wetu. Nimemwandikia mkuu wa wakaguzi kwamba Zsigmond ni kaka yangu, akajibu farasi wake watakaguliwa na mwenzangu.

Na sasa, Vendel. Ngazi ile ya nyasi ina vidaraja saba. Mimi nilianguka kutoka juu yake utotoni mara nne, nikaangukia nyasi. Mkono ulivunjikaje? Nijibu wewe, usimwachie mama.

Dada yako,
Emőke


Nyáras, 13 Desemba 1998

Dada Emőke,

Nimechelewa kwa sababu ya nguruwe. Tulichinja wawili Jumamosi. Unamjua Zsigmond, hataki mtu mwingine ashike kisu. Yule wa pili alimponyoka na kisu kikiwa shingoni, akatimka uani, damu imetapakaa kwenye theluji mpaka mlangoni kwa mama. Zsigmond akamfuata na shoka. Sitaki kukueleza zaidi ya hapo. Soseji zimetoka nzuri, tutakuletea.

Habari njema: ukumbi wa Desemba tumeshika nafasi ya pili! Sekunde mbili tu nyuma ya Mswidi. Mzee Barnabás alilia. Ana miaka hamsini na tisa na bado anaegemea kona utadhani mtoto anabembea.

Kanuni zako zimesomwa. Mezani, siku hiyo ya nguruwe, Zsigmond alizisoma kwa sauti mbele ya majirani, pombe ya plamu mkononi.

"Umesikia, bibi harusi?" akaniambia. "Dada yako kaandika. Mikono yako iko wapi wakati magurudumu yanazunguka?"

"Kwenye chuma cha nyuma," nikasema.

"Hebu niione. Iweke mezani."

Nikaiweka, wa kulia bado una plasta. Akakipiga kisu cha nguruwe kwenye ubao, katikati ya vidole vya kushoto. Watu wakacheka. Mzee Barnabás hakucheka. Alikichomoa kile kisu, akakifuta kwenye suruali yake, akasema, "Zsigmond, wewe ni baba yako mtupu." Zsigmond akaona amesifiwa.

Ulikuwa utani tu. Mkono unapona.

Sármány amekuwa mgumu mdomo. Zsigmond amembadilishia chuma cha lijamu mdomoni, amemtia kikali zaidi. Daktari wa mifugo alimwambia kinamkata. "Basi farasi na aende kunishitaki," akajibu, "kama anao ulimi uliobaki."

Heri ya Krismasi kwenu.
Vendel


Apeldoorn, 2 Februari 1999

Mdogo wangu Vendel,

Natumaini mlifika salama na barafu ile. Soseji zimekwisha, Liesbeth alikuwa anazificha chini ya mto. Ana jino jipya.

Siku tatu ukumbi mmoja na hatukuongea hata dakika tano! Kila nikikukaribia ulikuwa unapiga buti rangi. Uliniambia "dada, baadaye" mara ngapi? Nikamwona Zsigmond anakuita kwa mluzi, kama mbwa, na wewe ukaenda. Una miaka thelathini na moja, Vendel.

Nafasi ya kwanza. Nilisikia watu wanaimba jina lake juu ya vichwa vyetu. Wouter ananiuliza kwa nini sikufurahi.

Najua uliniona nikikagua farasi wenu, wakati nilisema sitawakagua. Mwenzangu aliitwa kwenye gari la Wajerumani lililovunjika mti wa kati, foleni ikawa ndefu, nikashika kazi. Ukaguzi ulikwenda. Uliitazama mikono yangu, ukanitazama usoni. Usiniulize kitu kuhusu hilo.

Niambie tu mkono wako unaendeleaje, na kama unataka kuja kukaa huku. Wouter anahitaji mtu wa farasi. Sikutanii.

Emőke


Apeldoorn, 15 Machi 1999

Vendel,

Nimesikia kwa watu, si kwenu. Simu mnakata. Mama anasema "tumo msibani" kisha anaweka chini. Ni kweli Mzee Barnabás? Andika hata mstari mmoja.

E.


Nyáras, kwa Rozália, 9 Aprili 1999

Dada Emőke,

Salamu. Mama mzima, simwoni lakini nasikia ni mzima. Mimi nakaa kwa Rozália, chumba cha nyuma. Tumepanda viazi. Asubuhi namchotea maji, yeye ananipikia, na hatuongei sana.

Utanisamehe kuchelewa. Nilianza barua hii mara tano. Sasa naiandika kama ilivyokuwa, unisome mpaka mwisho.

Hakukuwa na ngazi. Oktoba, tulipoondolewa kwa sababu niliishika hatamu, Zsigmond aliendesha moja kwa moja mpaka nyumbani. Tulipofika akanipeleka zizini, akachukua mti wa kufungia minyororo ya gari, akaniambia ninyooshe mkono ulioshika. Nikaunyoosha. Ndiyo, nilinyoosha mwenyewe. Kwa baba tulikuwa tunanyoosha wenyewe, umesahau? Alipiga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haukuvunjika.

Sasa Machi. Ilikuwa tarehe saba, ukumbi wa mwisho wa msimu, Ujerumani. Mdomo wa Sármány ulikuwa umeoza pembeni chini ya kile chuma. Kabla ya kila ukaguzi Zsigmond alikuwa anampaka kitu cheupe kukausha. Ndani ya njia ya kuingilia uwanjani, pale penye giza ambapo waamuzi hawaoni, alimchapa Sármány mjeledi wa tumbo mara nne ili aingie akiwa moto. Mzee Barnabás akamwambia, "Utamtia kichaa, mtoto wewe." Zsigmond akamjibu, "Wewe egemea tu, mzee. Hiyo ndiyo kazi yako."

Kengele ikalia, tukaingia. Lango A safi. Koni zote safi, hakuna mpira uliotikisika. Watu walikuwa wamesimama. Lango C, pa kukunja kulia kwa nguvu, Zsigmond akavuta, na kile chuma kikaingia kwenye kidonda. Dada, farasi alipiga yowe. Sijawahi kusikia farasi akilia vile. Aliruka upande, akamkanyaga mwenzake, hatamu ya kushoto ikachomoka mkononi mwa Zsigmond ikaja kulala begani kwangu. Begani! Sikuhitaji hata kunyoosha mkono. Ningefunga vidole tu.

Zsigmond akapiga kelele bila kugeuka, "Mikono! Mikono chini!"

Nikaiweka chini.

Nataka uelewe kwamba sikuwa nafikiria kanuni. Nilikuwa nafikiria ule mti wa minyororo. Hatamu ikateleza kutoka begani, ikaingia kwenye gurudumu, ikajizungusha, ikamvuta kichwa farasi wa nyuma kushoto, na gari zima likaenda ubavu kwenye nguzo za lango D. Mzee Barnabás alikuwa ameegemea upande huo ili kutuokoa. Nguzo ilimkuta kifuani, na gari likamkuta juu ya nguzo. Nilimsikia. Hakupiga kelele, alitoa tu pumzi, kama mtu anayetua gunia. Nilipomfikia macho yalikuwa wazi na mchanga umejaa mdomoni. Nilikuwa namtoa mchanga kwa kidole. Hakuwa anahitaji tena.

Sármány alikuwa chini, mguu wa mbele umevunjika, mfupa umetoka nje ya ngozi. Na Zsigmond, mzima, amesimama juu yake na mjeledi, anampiga kichwani. "Inuka! Inuka, mzoga!" Barnabás amelala hatua mbili kutoka kwake. Muziki ulikuwa bado unapigwa, hakuna aliyekumbuka kuuzima.

Nilimnyang'anya mjeledi. Nikaugeuza, nikampiga kwa mpini, ule wenye kifundo cha shaba. Watu wanasema nilimpiga mara moja. Nilimpiga mara nyingi. Ya pili ilimpata jicho. Sikuacha. Watu wanne walinilalia ndipo nikaacha. Jicho lake la kushoto limetolewa. Sioni majuto, Emőke, na hilo ndilo linalonitisha.

Sármány walimmalizia hapohapo, nyuma ya pazia la kijani.

Polisi waliniweka ndani siku mbili. Zsigmond hakutaka kushitaki. Mama anasema ni kwa sababu ya undugu. Mimi nadhani anaogopa nitakachosema.

Rozália nilimweleza kuhusu mikono yangu. Yote, kama nilivyokueleza wewe. Alinivutia kiti. Kisha akasema, "Kaa. Kula." Tangu hapo nakaa hapa.

Vendel


Apeldoorn, 19 Aprili 1999

Mdogo wangu,

Leo sina habari za nyumbani za kukupa. Hujaniuliza, kwa sababu Februari nilikukataza. Nakujibu bila kuulizwa.

Januari, mwenzangu alipoitwa, mkuu aliniambia nisubiri. Sikusubiri. Nilikuwa nimemwona Sármány akitoka uwanjani anatikisa kichwa na povu la pinki, nikajua mwenzangu akirudi atakuta nini. Nikaenda haraka. Farasi watatu walikuwa safi. Nilipopitisha kitambaa mdomoni mwa Sármány kilitoka chekundu, si tone, chekundu chote. Zsigmond alikuwa ameshika lijamu. Juu yetu walikuwa wanaimba jina lake. Aliniambia kwa upole, kwa sauti ambayo baba alikuwa nayo baada ya kupiga, "Emőke wangu. Nafasi ya kwanza. Mara moja tu katika maisha yangu." Nikakikunja kitambaa, chekundu ndani, nikakitia mfukoni. Nikaandika "safi".

Sikumwonea huruma. Nataka nisikudanganye. Nilimwogopa. Nina miaka arobaini, niko katika nchi yangu ya ndoa, nimevaa koti la ukaguzi lenye beji, na nilimwogopa vilevile kama siku ile alipokushikilia kichwa ndani ya pipa la maji, na mimi nikakimbilia bustanini.

Ningeandika "damu", Sármány asingeingia uwanjani Machi, daktari asingemruhusu. Mzee Barnabás angekuwa anapanda viazi na mkewe.

Wewe uliiweka mikono chini sekunde moja. Mimi nilikuwa na siku arobaini za kusema, sikusema.

Emőke


Nyáras, kwa Rozália, 30 Juni 1999

Dada Emőke,

Ngano imeiva, mavuno wiki ijayo. Cheri zilikuwa nyingi mpaka matawi yamevunjika. Mama alikuja Jumapili iliyopita, alisimama nje ya geti, akampa Rozália mtungi wa jemu, akarudi. Kwangu hakuangalia.

Barua yako niliiweka siku sabini bila kujibu. Siku za kwanza nilikuwa nataka kuja huko nikuvunje kitu. Nakuambia ili ujue mimi pia nimetoka katika nyumba ileile.

Mwezi wa tano waliniita mbele ya kamati ya chama. Zsigmond alikuwepo, kitambaa cheusi jichoni. Niliwaeleza mkono wangu, chuma, njia yenye giza, kila kitu. Mwenyekiti akaniuliza, "Kwa nini hukuishika hatamu?" Zsigmond akacheka. "Kwa sababu kanuni inakataza, bwana. Mtu wangu anajua kanuni." Nikasema, "Kwa sababu yeye angenivunja mkono mwingine." Zsigmond akatazama meza. Amefungiwa maisha. Mimi nimefungiwa miaka miwili kwa kumpiga mtu uwanjani, sikukata rufaa. Wamesema pia watabadili maneno ya kanuni ile, kwamba pakiwa na hatari ya uhai msaidizi ashike. Nilimwambia Rozália nikidhani atafurahi. Akasema, "Barnabás alihitaji ruhusa hiyo Machi."

Waliniuliza pia kama wakaguzi waliwahi kuona damu. Nikasema sijui. Nilidanganya kwa ajili yako na sitadanganya mara ya pili.

Jana tulikuwa tunachambua maharage. Rozália akaniuliza, kama anauliza bei ya chumvi, "Huyo farasi Januari aliwapita vipi wakaguzi?" Nikainamia bakuli. Akasubiri. Nikamwambia, "Yuko mtu anayejua. Atakuja kukuambia mwenyewe."

"Lini?" akasema.

Jibu unalo wewe, dada. Nipe.

Vendel


Apeldoorn, 8 Julai 1999

Mdogo wangu Vendel,

Wouter na Liesbeth wanakusalimu, wao wanabaki.

Jumatatu niliipelekea kamati maelezo yangu, pamoja na kile kitambaa. Sikuwahi kukifua. Beji nimerudisha. Wameniandikia kwamba nitaitwa, na huenda polisi wa huku nao wakaniita.

Treni yangu inafika Alhamisi ijayo, saa nane mchana. Usije stesheni. Usimwambie Rozália nimekuja kwa ajili gani, nitamwambia mimi nikiwa nimesimama, kabla hajanikaribisha kiti. Akinifukuza, nitakaa barabarani mpaka atakapotaka kunisikia tena, au asitake.

Zsigmond amepiga simu jana. Ameshapata habari. Amesema nikikanyaga Nyáras atanivunja miguu. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, kilomita elfu na zaidi kutoka kwake, na nilimwogopa vilevile. Nikamwambia, "Alhamisi, saa nane." Nikaweka simu.

Dada yako,
Emőke